Bobby Allison: ushindi 85, ubingwa mmoja, na miaka 36 baada ya Pocono

Msomaji wetu anauliza: «Katika mijadala ya mbio za magari za Marekani nakutana sana na jina la Bobby Allison. Wapo wanaosema alishinda mbio 84, wengine 85. Sielewi pia ilikuwaje mtu aliyeshinda mara nyingi kiasi hicho akatwaa ubingwa mara moja tu, tena akiwa na umri wa miaka 45. Na baada ya ile ajali ya mwaka 1988 katika uwanja wa Pocono, aliishije?»

Ahsante kwa swali lako, ndugu msomaji. Nitaanza na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayojibika upesi. Idadi rasmi ni 85, na anayesema 84 hajakosea sana, kwani kumbukumbu rasmi za kabla ya Oktoba 2024 ziliandika hivyo. Mbio zilizozua utata zilifanyika tarehe 6 Agosti 1971 katika uwanja wa Bowman Gray, mjini Winston-Salem, jimbo la North Carolina. Lami ya uwanja huo ina urefu wa robo maili tu, yaani kama mita 400, nayo imeuzunguka uwanja wa mpira wa Kimarekani. Msimu ule magari ya daraja la juu yalikuwa machache, na NASCAR, ambalo ndilo shirika linalosimamia mbio hizo, liliamua kuyachanganya na magari madogo ya daraja lililoitwa Grand American ili idadi ya washindani itimie. Allison aliingia na Ford Mustang ya daraja hilo dogo, akamwacha nyuma mpinzani wake mkubwa, Richard Petty, aliyekuwa katika Plymouth kubwa. Kwenye kona fupi zinazofuatana namna ile, gari jepesi lilikuwa na nafasi nzuri, na Petty hakufurahi.

Allison alivuka mstari akiwa wa kwanza, lakini katika kumbukumbu za daraja la juu hakuandikiwa ushindi, na cha ajabu ni kwamba hakuna mwingine aliyeandikiwa. Mbio zikabaki bila mshindi. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba katika msimu uleule dereva Tiny Lund alishinda mara mbili kwa gari la daraja hilohilo dogo, katika mbio zilizochanganywa vilevile, naye alihesabiwa ushindi wote. Allison hakuacha kuidai haki yake kwa zaidi ya nusu karne, mpaka Oktoba 2024 NASCAR iliporekebisha kumbukumbu zake na kumtambua rasmi. Kwa hesabu hiyo anashika nafasi ya 4 katika historia ya daraja la juu, nyuma ya Petty mwenye 200, David Pearson mwenye 105 na Jeff Gordon mwenye 93, huku Darrell Waltrip, waliyekuwa sawa naye kwa muda mrefu, akibaki na 84.

Swali lako la pili lina uzito zaidi, na ili kulijibu ni lazima nieleze kwanza alikuwa mtu wa namna gani. Kwa wasomaji waliozoea Safari Rally, ambako dereva na msomaji ramani hupambana na saa katika barabara za vumbi, mbio hizi ni kitu tofauti kabisa. Magari zaidi ya 30 huondoka kwa pamoja na kuzunguka lami iliyofungwa, mara nyingi yakigusana, kwa mwendo wa maili mia kadhaa. Kwa nje yana sura ya magari ya kawaida yanayouzwa madukani, lakini ndani ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa kumzunguka dereva. Milango haifunguki, dereva hupenya dirishani, na baada ya hapo wavu hufungwa kuziba dirisha hilo. Ubingwa haupatikani kwa mbio moja, bali kwa jumla ya alama za msimu mzima. Katika mfumo ulioanza mwaka 1975, mshindi alipata alama 175, wa pili 170, wa tatu 165, na kuendelea kushuka hivyo, pamoja na alama chache za ziada kwa aliyeongoza mizunguko. Utaona mara moja kwamba tofauti kati ya kushinda na kuwa wa pili ilikuwa ndogo mno, na kwamba aliyemaliza kila mbio bila gari kuharibika angeweza kumpita aliyeshinda mara nyingi lakini injini ikamzimikia mara nyingi pia.

Allison alizaliwa Miami, Florida, tarehe 3 Desemba 1937, katika familia kubwa ya Kikatoliki. Alianza mashindano akiwa bado mwanafunzi, na kuna kipindi alijiandikisha kwa jina la Bob Sunderman ili wazazi wake wasijue, hila ambayo haikudumu. Florida haikuwa na zawadi za kutosha kumlisha dereva kijana, hivyo yeye, mdogo wake Donnie na rafiki yao Red Farmer walihamia mji mdogo wa Hueytown huko Alabama, ambako viwanja vya jirani vilikuwa na mbio karibu kila usiku wa mwisho wa juma na zawadi ilikuwa nzuri zaidi. Walishinda kiasi kwamba washindani wakawabandika jina la Genge la Alabama. Neil Bonnett alijiunga nao baadaye, kisha Davey, mwana mkubwa wa Bobby.

Jambo la kukumbuka kutoka enzi hizo za Hueytown ni kwamba Allison alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa kuajiriwa. Alijenga magari yake mwenyewe, aliyarekebisha mwenyewe na aliyavuta mwenyewe hadi uwanjani. Ushindi wake wa kwanza katika daraja la juu, mwezi Julai 1966 huko Oxford, jimbo la Maine, aliupata katika Chevrolet Chevelle iliyokuwa yake, akishindana na timu zilizokuwa na fedha za viwanda. Hata alipokuwa maarufu, aliendelea kurusha ndege yake mwenyewe katikati ya wiki kwenda kushindana katika viwanja vidogo, kisha Jumapili akarudi kwenye mbio kubwa. Mtu wa aina hiyo hapendi kuambiwa gari lake lirekebishweje. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo lilipo jibu la swali lako.

Chukua msimu wa 1972. Aliungana na Junior Johnson, aliyekuwa dereva mashuhuri na sasa anasimamia timu ya Chevrolet iliyodhaminiwa na Coca-Cola. Katika mbio 31 Allison alishinda 10 na akawa wa pili mara 12. Petty alishinda 8 tu, lakini ubingwa ulikwenda kwake, kwa mfumo wa alama wa wakati ule uliopima nafasi na pia idadi ya mizunguko iliyokamilishwa. Wawili hao walikuwa wamefikia hatua ya kugongana waziwazi. Huko North Wilkesboro, mwezi Oktoba mwaka huo, walimaliza mizunguko ya mwisho wakisukumana ukutani hadi magari yote mawili yakawa yanatoa moshi. Petty ndiye aliyeshinda, na shabiki mmoja alipomvamia kwenye jukwaa la washindi, Maurice Petty, mdogo wake Richard, alimtwanga shabiki huyo kwa kofia ya kinga.

Baada ya msimu mzuri namna hiyo ungetarajia Allison na Johnson waendelee pamoja. Hawakuendelea. Wote wawili walikuwa vichwa vigumu, wote wawili waliamini wanajua gari kuliko mwingine, na Allison aliondoka kwenda kuendesha timu yake mwenyewe. Kiti alichokiacha alikikalia Cale Yarborough, ambaye akiwa na Johnson alitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1976, 1977 na 1978. Yarborough alipoondoka akaingia Darrell Waltrip, naye akatwaa ubingwa wa 1981, 1982 na 1985 katika timu ileile. Sasa linganisha na orodha ya Allison: alimaliza wa pili katika msimamo mara tano, miaka ya 1970, 1972, 1978, 1981 na 1982. Katika mara hizo tano, mara tatu za mwisho alishindwa na mtu aliyekuwa anaendesha gari la Johnson. Sisemi kwamba angebaki angetwaa mataji hayo yote, maana huenda wangegombana hadi timu ivunjike, lakini ni vigumu kuitazama orodha hiyo bila kuona gharama ya uamuzi wa mwaka 1972.

Miaka iliyofuata alihama sana. Alikuwa na timu yake, kisha akaendesha AMC Matador ya Roger Penske, mwenye timu, gari ambalo wengi walilidharau kwa umbo lake lakini yeye akashinda nalo mbio kadhaa, zikiwemo mbili za Darlington mwaka 1975. Penske alimwingiza pia katika Indianapolis 500, mbio mashuhuri za magari ya aina nyingine yenye magurudumu wazi, mwaka 1973 na 1975. Mwaka 1976 aliumia vibaya katika uwanja mdogo huko Minnesota, na katika misimu ya 1976 na 1977 hakushinda hata mara moja katika daraja la juu. Wengi walidhani amekwisha. Bud Moore, mwenye timu ya Ford, hakudhani hivyo. Alimpa Thunderbird, na Februari 1978 Allison akashinda Daytona 500, mbio mashuhuri kuliko zote za NASCAR, kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 40.

Hapa niruhusu nigusie kidogo tukio ambalo huenda umeliona kwenye video, kwa kuwa linafahamika kuliko mengi aliyoyafanya akiwa garini. Tarehe 18 Februari 1979, Daytona 500 ilikuwa inaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza. Katika mzunguko wa mwisho Donnie Allison na Yarborough waligongana wakigombea ushindi, Petty akapita na kushinda. Bobby alisimamisha gari kumwuliza mdogo wake kama yuko salama, maneno yakawa makali, na dakika chache baadaye yeye na Yarborough walikuwa wanapigana ngumi kwenye majani mbele ya mamilioni ya watazamaji. Kwa miaka mingi Allison alisimulia kwa utani kwamba Yarborough ndiye aliyeanza, kwa kuigonga ngumi ya Allison kwa pua.

Ubingwa wenyewe ulikuja mwaka 1983 akiwa na timu ya DiGard. Fundi mkuu alikuwa Gary Nelson, injini zilijengwa na Robert Yates, na gari lilikuwa Buick Regal. Nadhani kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa na watu ambao ujuzi wao aliuamini kiasi cha kuwaachia kazi. Alishinda mbio 6, idadi sawa na ya Waltrip, na msimu ulipofungwa huko Riverside, California, alikuwa amemzidi kwa alama 47, yaani 4,667 dhidi ya 4,620. Hakuna bingwa wa daraja hilo aliyetwaa taji akiwa na umri mkubwa kuliko yeye. Mashabiki kwa upande wao hawakungoja taji hilo ndipo wampende, kwani walimchagua dereva anayependwa zaidi mara sita katika maisha yake.

Kabla ya kufika Pocono kuna ajali nyingine ambayo huwezi kuiacha. Tarehe 3 Mei 1987, katika uwanja wa Talladega, Alabama, magari yalikuwa yamefikia mwendo wa kutisha. Bill Elliott alikuwa amepata nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa wastani wa zaidi ya kilomita 342 kwa saa. Tairi la Allison lilipasuka, gari likageuka kinyumenyume, hewa ikaingia chini yake na kulinyanyua hadi kwenye uzio unaowatenga mashabiki na lami. Sehemu ndefu ya uzio iling'oka na baadhi ya mashabiki waliumia, lakini gari lilirudi upande wa lami na Allison akatoka akitembea. Mbio hizo alizishinda Davey, ushindi wake wa kwanza katika daraja la juu, siku aliyoona kwenye kioo chake gari la baba yake likiruka.

Kutokana na ajali hiyo NASCAR iliagiza kwamba kuanzia 1988, huko Daytona na Talladega, kiwekwe kisahani cha chuma chenye matundu manne kati ya kabureta na injini. Hewa inayopita ikipungua, mchanganyiko unaoungua ndani ya silinda hupungua, nguvu hushuka na mwendo nao hushuka. Mbio za kwanza chini ya agizo hilo zilikuwa Daytona 500 ya tarehe 14 Februari 1988, na aliyeshinda ni Bobby Allison mwenyewe, akiwa na miaka 50, Davey akiwa wa pili nyuma yake kwa urefu wa magari mawili hivi. Hakuna mtu mwenye umri mkubwa zaidi aliyewahi kushinda mbio hizo. Baba na mwana walimwagiana bia wakishangilia.

Bobby hakuwahi kuikumbuka siku hiyo ya Daytona. Tarehe 19 Juni 1988, huko Pocono, Pennsylvania, uwanja wenye umbo la pembetatu, tairi lake liliishiwa upepo katika mzunguko wa kwanza kabisa. Gari lilizunguka na kusimama ubavu wa dereva ukielekea magari yanayokuja. Mengi yalikwepa, moja halikuweza, likamgonga mlangoni. Alipelekwa hospitali ya Allentown akiwa na jeraha kubwa la kichwa, mguu uliovunjika na majeraha ya ndani. Aliponea chupuchupu, lakini ilimbidi ajifunze upya mambo ambayo mtu mzima huyafanya bila kufikiri, kusema na kutembea yakiwemo. Kumbukumbu za miezi iliyotangulia ajali zilifutika. Ushindi wa Daytona aliujua kwa kuutazama kwenye video, kama tunavyoutazama mimi na wewe, na mara kadhaa katika mahojiano alieleza kwamba hilo lilimuuma kuliko maumivu ya mwili. Hakushindana tena katika daraja la juu.

Kuhusu jinsi alivyoishi, sitakuficha kwamba miaka kumi ya kwanza ilikuwa mizito. Alirudi kwenye mbio kama mwenye timu, kuanzia 1990, dereva wake akiwa Hut Stricklin, mume wa binti wa Donnie, na baadaye madereva wengine akiwemo Jimmy Spencer na Derrike Cope. Timu haikuwahi kushinda, na mwaka 1996 ilifungwa. Wakati huohuo misiba ilimfuata. Mwana wake mdogo, Clifford, aliyekuwa anajijenga katika daraja la pili, alifariki tarehe 13 Agosti 1992 akifanya mazoezi huko Michigan, akiwa na miaka 27. Davey, ambaye mwaka huo alikuwa ameshinda Daytona 500 na kuukosa ubingwa katika mbio za mwisho za msimu, alianguka na helikopta aliyokuwa akiirusha mwenyewe alipokuwa akitua ndani ya uwanja wa Talladega tarehe 12 Julai 1993, akafariki siku iliyofuata akiwa na miaka 32. Red Farmer alikuwa naye ndani ya helikopta hiyo na alinusurika. Februari 1994 Neil Bonnett naye alifariki katika mazoezi huko Daytona. Katika muda wa miezi 18, Allison alizika wana wawili na rafiki.

Ndoa haikustahimili mzigo huo. Yeye na mkewe Judy, waliyezaa naye watoto wanne, waliachana mwaka 1996, wakati ambapo hata fedha zilikuwa zimeyumba. Mwaka 2000 walirudiana na kuoana tena, na waliishi pamoja mpaka Judy alipofariki Desemba 2015. Waandishi wengi huisimulia hadithi ya Allison kana kwamba iliishia Julai 1993, na kwa kufanya hivyo huiacha sehemu hii, ambayo kwangu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi alikuwa mtu gani. Miaka hiyo 15 ya ndoa ya pili ilikuwa ya kawaida kabisa: alihudhuria mbio akiwa mgeni na alisaini picha kwa mashabiki ambao wengine walizaliwa baada ya yeye kustaafu. Na yeyote aliyemuuliza kuhusu Bowman Gray alipewa maelezo kamili.

Heshima zilimfikia polepole. Mwaka 2011 aliingizwa katika Jumba la Heshima la NASCAR huko Charlotte, katika kundi la pili kabisa, pamoja na David Pearson, Lee Petty, Ned Jarrett na Bud Moore, yuleyule aliyempa gari mwaka 1978. Davey aliingizwa mwaka 2019, Red Farmer katika kundi la 2021, na Donnie katika kundi la 2024. Uamuzi kuhusu mbio za 1971 ulitangazwa Oktoba mwaka huo, Bobby akiwa bado hai kuupokea, jambo ambalo lingeweza kabisa kutotokea, kwani wiki chache baadaye, tarehe 9 Novemba 2024, alifariki nyumbani kwake Mooresville, North Carolina, akiwa na miaka 86.